Petroli ya Gari la Wagonjwa

Chande alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Buzebazeba, Kigoma, akichanganya petroli na oili katika chupa ya soda. Alifanya hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana. Alimimina petroli hadi karibu na shingo ya chupa, akaongeza oili ya kujaza kifuniko, akaziba kwa kidole gumba, kisha akaigeuza chupa polepole, juu chini, juu chini, kama anayembembeleza mtoto, mpaka rangi zote mbili zikubaliane. Mkewe Ashura alikuwa upande wa pili wa ua akianika muhogo, na ncha ya kanga ameifunga puani.

"Ugali wa jana ulinuka petroli," alisema Ashura.

"Ulikuwa mtamu."

"Sikusema haukuwa mtamu. Nimesema ulinuka."

Pikipiki yenyewe ilikuwa kikongwe, ndogo, ya zile zenye pedeli kama za baiskeli, ili mlima ukiishinda uisaidie kwa miguu. Chande aliipata kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya kufia huko. Watu wa ng'ambo ya Burundi waliiita mobileti. Vijana wa mtaa wa Mwanga waliiita mbuzi kwa ajili ya mlio wake. Ashura aliiita mke mwenzangu, kwa kuwa ililala sebuleni na ilifutwa vumbi kabla yeye hajasalimiwa. Chande aliitumia kuchukua migebuka na dagaa kutoka mwalo wa wavuvi wa Kibirizi na kuwauza huko juu, Mwandiga na vijiji vya milimani. Alishashauriwa mara nyingi atafute pikipiki kubwa, ya wanaume. Alisikiliza ushauri huo kwa adabu, kisha akaenda kuisafisha plagi. Pikipiki kubwa, alimwambia Ashura, inakubeba tu. Hii mnasafiri wawili.

Petroli ilishawafanyia mambo yake ndani ya nyumba ile. Ashura aliwahi kuwasha jiko la mchina kwa chupa aliyodhani ni ya mafuta ya taa. Nyusi zikaondoka zote mbili, na zilipoota upya ikaota moja nene na moja nyembamba. Chande mwenyewe alimeza funda zima siku moja alipokuwa akinyonya kwa mpira, akateuka petroli hadi Ijumaa, na imamu akamwomba kwa upole aswali karibu na dirisha. Tangu hapo chupa za petroli zilifungwa kitambaa chekundu na za mawese zilifungwa cheupe, na mambo yakatulia.

Petroli ilikuwa ya shida miaka ile. Mabehewa ya mafuta yalikwama njiani, na vituo vya mjini vilifunga pampu zao kwa minyororo. Iliyopatikana siku zote ilikuwa ya Leonardi. Leonardi alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la kambi ya Rusenga, huko juu milimani, ambako Warundi waliokimbia vita walikuwa wamewekwa chini ya maturubai. Alikuwa mtu mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi, na aliuza kupitia mlango wa uani, kwa madumu ya manjano. Kila mtu alijua petroli ile ilitoka wapi. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu angejibiwa.

Alasiri hiyo Chande alijaza tangi, akaiegemeza pikipiki ukutani, akaenda kuswali. Aliporudi alikuta imewaka yenyewe na inatoka mlango wa uani.

Haikuwa na haraka. Ilikwenda mwendo wa mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Chande akaifuata kwa kandambili na msuli wake, akafunga koki ya petroli, akachomoa waya wa plagi. Pikipiki ikaendelea kunguruma. Alipoona inaelekea Mwanga akaona hakuna maana ya kutembea na chombo chake kinakwenda, akapanda.

"Unakwenda wapi?" Ashura alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Bado haijasema."

Walipofika Mwanga walimpita Haruna, kinyozi wa Ujiji, akitembea kando ya pikipiki yake ndogo nyekundu na wembe mkononi. Alikuwa ameacha mteja kitini na nusu ya ndevu. Wakasalimiana. Haruna akauliza kama ile ya Chande nayo ilijazwa kwa Leonardi. Chande akasema ndiyo. Haruna akafikiri kidogo, akaukunja wembe, akautia mfukoni, akapanda yake.

Walipanda milima pamoja, kati ya michikichi na mashamba ya mihogo, jua likiwa upande wa kushoto. Mahali ambapo siku zote Chande hulazimika kupiga pedeli, pikipiki haikuhitaji msaada. Karibu na kambi palikuwa na kizuizi, gogo la mti lililofungwa jiwe upande mmoja, na mgambo aitwaye Yohani aliyelilinda. Yohani alisogea, akainama, akanusa tangi.

"Hii ni ya gari la wagonjwa," akasema.

"Nimeinunua," alisema Chande.

"Sikukuuliza hilo. Pita."

Ndani ya kambi pikipiki ya Haruna ilikata kulia bila kuaga. Ya Chande ilipita safu baada ya safu za maturubai ya buluu, ikapita foleni ya maji, ikapita kanisa la miti na nyasi, mpaka ikafika mbele ya kibanda kimoja na kuzima. Mlangoni alikaa mwanamke mwenye mimba kubwa, amejifunga kitenge safi, amepakata furushi. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu na mwiko mkononi.

"Mwiriwe, mzee," alisema mwanamume. "Ni gari la hospitali?"

"Ni pikipiki."

"Tulitazamia gari." Aliitazama pikipiki kwa muda, bila dharau. "Si neno. Mimi naitwa Bigirimana. Huyu ni mke wangu, Mélanie. Alishikwa na uchungu siku ya mgao wa chakula. Tukaita gari, tukaambiwa halina mafuta, litakuja. Akafa kesho yake asubuhi. Tulimzika pale kwenye mikaratusi, yeye na mtoto tumboni, lakini jioni tukamkuta amekaa hapa. Anasema alishaambiwa atapelekwa hospitali."

"Niliambiwa hivyo," alisema Mélanie.

Chande akakitoa kikapu cha samaki kwenye keria, akakung'uta magamba, akatandika gunia. Msichana mmoja alitoka ndani na kikombe cha maji akampa Chande anywe. Alikuwa Gloriose, dada mdogo wa Bigirimana, naye mjamzito, mume wake akiwa amebaki kwenye njia ya kukimbia. Alimsaidia wifi yake kupanda, akamnyooshea kitenge magotini, akamkabidhi furushi.

"Usisahau kuwaambia kwamba kichwa kilianza kuuma kwanza," alimwambia.

"Ego," aliitikia Mélanie.

Hakuwa mzito. Chande alishabeba dagaa wakavu waliomzidi. Alinuka moshi wa mikaratusi na sabuni ya mche, na alimshika Chande kiunoni kwa vidole viwili tu, kama mtu anayeogopa kuchafua nguo ya mwenyewe. Yohani aliliinua gogo kabla hawajafika. Walifika mahali ambapo barabara inapinda na ziwa linaonekana lote kwa mara moja, limelala chini kama shuka lililotandikwa, na milima ya Kongo ng'ambo yake.

"Simama kidogo," alisema Mélanie.

Chande akasema pikipiki haisimami. Lakini ikasimama.

Mélanie aliangalia kaskazini, kule ufuko unakopotelea katika ukungu. Alisema kwao kuko kule, Nyanza ya Burundi, na kwamba walikuwa na michikichi saba na mtumbwi. Alisema maji yanayogusa ule mtumbwi ndiyo haya yanayogusa Kigoma, kwa hiyo hakuwa mbali sana. Kisha akasema haya, twende.

Katika hospitali ya mkoa, mkunga wa zamu, Marcelina, alikuwa anaanua mashuka. Alikuja akamshika Mélanie mkono kwenye kifundo, akatulia, akamwachia.

"Huyu amechelewa," akasema.

"Ndivyo ilivyo," alisema Chande.

"Haya, aingie. Hatuwezi kumrudisha aliyefika."

Alimkalisha kwenye benchi, akamwosha miguu vumbi la njiani, akamsikiliza alipoeleza kwamba kichwa kilianza kwanza. Akampa kitanda karibu na dirisha. Mélanie akajilaza ubavu, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeshusha mzigo. Magharibi ilipoadhiniwa, kitandani palibaki shuka lililokunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Marcelina alilitazama, akalichukua, akalirudisha kwenye rundo la masafi.

Nje, tangi lilikuwa kavu. Chande akaisukuma pikipiki hadi Buzebazeba.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza Ashura.

"Nilimpeleka mgonjwa."

"Anaendeleaje?"

"Ni marehemu."

"Maskini. Umeswali?"

Ikawa desturi. Kila aliyenunua kwa Leonardi alijua kwamba alasiri moja chombo chake kingeondoka. Wachache walijaribu kuzifunga pikipiki zao kwa minyororo kwenye michikichi. Zilizofungwa zilinguruma usiku kucha hadi majirani wakalalamika, na asubuhi mti ulikutwa umeegemea upande wa Rusenga. Wakaacha. Haruna alibandika karatasi dukani kwake: alasiri hatunyoi. Mwalimu mmoja wa Ujiji alimleta mzee aliyekufa kwa kuharisha, akakuta wamesoma shule moja ya misheni, wakaimba njia nzima. Pikipiki zile kubwa za vijana hazikushiriki. Sababu haikujulikana. Watu walisema labda zina kelele mno, hazisikii.

Chande hakuwa na raha. Ashura aliliona hilo kwa namna alivyochanganya petroli, maana siku hizi aliitikisa chupa kama dawa. Jioni moja alikwenda kwa Leonardi, akapita mlango wa uani, akamkuta amekaa kwenye kigoda akimenya machungwa.

"Shemeji," alisema Chande, kwa kuwa Ashura na mke wa Leonardi waliitana dada, "wale watu wanakufa kwa sababu gari halina mafuta."

"Ndiyo," alisema Leonardi. Alimkatia nusu ya chungwa. "Inasikitisha sana."

"Na mafuta yako hapa."

"Mimi napakua tu, shemeji. Mwenye chungu yupo. Bwana Selestini akisema dumu hili lishushwe kwangu, na hili kwa fulani, na haya matatu kwake, nimkatalie niende wapi? Nikikataa, kesho ataendesha mwingine." Akatema kokwa. "Halafu tazama. Zamani walikuwa wanakufa na hawapelekwi. Sasa wanapelekwa. Kidogo kidogo mambo yanakuwa mazuri."

Chande akala chungwa lake. Lilikuwa tamu, na hilo lilimkera zaidi.

Bwana Selestini, mkuu wa usafiri wa kambi, alikuja mwenyewe kuona. Alisimama penye kizuizi alasiri moja, mikono nyuma, akazitazama pikipiki ndogo zikipanda moja moja, zikitoa moshi wa buluu, na wenyewe wakiwa juu, wengine na majembe, mmoja na cherehani ya mkono. Alifurahi. Aliwakusanya akawaambia kwamba hii ndiyo inaitwa jamii kujitolea, na kwamba wageni wa shirika la wakimbizi wangependa sana kuiona. Wiki ile ile aliamuru gari la wagonjwa lipumzishwe, kwa kuwa kazi yake ilikuwa inafanyika. Likapandishwa juu ya mawe nyuma ya ghala. Magurudumu yake yakaonekana baadaye kwenye gari la Bwana Selestini. Petroli yake iliendelea kutolewa kama kawaida, maana bila petroli ile pikipiki zingejuaje pa kwenda?

Kila Chande alipopanda Rusenga alipitia kwa Bigirimana kumsalimia. Bigirimana alikuwa bado anapika cha watu watatu, kwa mazoea, na kile cha ziada alimpa Chande. Gloriose ndiye aliyekuwa akileta maji ya kunawa. Kila safari alitembea polepole zaidi. Miguu ilivimba, kisha mikono, kisha uso, hadi macho yakawa madogo.

"Kichwa kinaniuma," alimwambia Chande siku moja. "Na naona vinyota mchana. Wifi yangu naye aliona vinyota."

Mganga wa zahanati ya kambi alishasema apelekwe hospitali ya mkoa mapema. Lakini kutoka kambini kulitaka kibali, na mwenye mhuri wa vibali alikuwa amekwenda semina. Na gari lilikuwa juu ya mawe.

"Mzee Chande," alisema Gloriose, "nikifa, ni wewe utakayekuja kunichukua, au ni yule kinyozi?"

"Sijui. Pikipiki ndiyo inayojua."

"Ningependa iwe wewe. Yule anasemekana anaongea sana." Akacheka kidogo, kisha akashika kichwa. "Basi sina wasiwasi."

Chande alirudi nyumbani akala chakula chote bila kusikia ladha. Usiku Ashura alimwambia, "Yule binti." Chande akasema, "Yule binti." Wakalala wanaangalia dari.

Asubuhi alikwenda tena kwa Leonardi kumwuliza kama kuna petroli inayoweza kumchukua mtu aliye hai. Leonardi alifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Hiyo sina," akasema. "Hii yangu inamjua yule aliyeikosa. Huyo wako bado hajaikosa."

Basi Chande akaacha kununua kwa Leonardi. Pikipiki ikakaa sebuleni na tangi tupu, na Chande akawa anakwenda stesheni na dumu kuyangoja mabehewa, pamoja na watu wengine wenye madumu. Mabehewa yalipofika, alipanga foleni kituoni tangu alfajiri, akasukumwa, akamwagiwa petroli kwenye shati, akapata. Akachanganya na oili. Ashura alimshikia faneli. Alimgombeza muda wote.

Kwa petroli ile safi pikipiki ilikuwa pikipiki tu. Ilikataa kuwaka hadi alipoipiga kiki mara nyingi na kuitukana kidogo. Mlimani ilichoka, naye akapiga pedeli hadi magoti yakalia. Ilimeza vumbi kwenye kabureta akalazimika kuifungua kando ya njia na kuipuliza. Alifika kambini ametota jasho, mikono myeusi. Gloriose alikuwa amelala, na hakumtambua mara moja. Bigirimana alimbeba dada yake mikononi hadi kwenye keria, akamfunga kwa kitenge kwenye mgongo wa Chande, kama wanavyofungwa watoto.

"Imana ibarinde," alisema Bigirimana, akiwaombea ulinzi wa Mungu, akabaki amesimama. Yeye hakuruhusiwa hata kufika kwenye gogo.

Penye kizuizi gogo lilikuwa chini, nalo likabaki chini. Yohani alisogea, akanusa tangi, akanusa tena.

"Hii siyo ile," akasema.

"Nimeinunua kituoni."

"Kibali cha huyu kiko wapi?"

"Anaumwa, Yohani. Mtazame."

"Namwona. Nauliza kibali."

"Mbona wale wengine huwaulizi?"

Yohani alikuna shingo. Alikuwa mtu wa Kalinzi, mwenye mke na mashamba ya kahawa, na hakupenda kusimama pale. "Wale wamekufa," akasema. "Amri niliyopewa inasema mkimbizi asitoke bila kibali. Aliyekufa si mkimbizi tena, ni marehemu. Marehemu sijaambiwa lolote juu yake. Huyu wako anapumua. Akipumua ni mkimbizi. Nikimwachia, mimi nafungwa."

Chande alisimama, mguu mmoja chini, injini ikitetema katikati ya magoti yake. Akasikia mgongoni kwake kitu kinabadilika. Mikono ya Gloriose iliyokuwa imemshika tumboni ililegea. Kichwa chake kikaegemea kati ya mabega yake, kikawa hakina uzito. Joto la pumzi yake, ambalo lilikuwa likimchoma kwenye shingo tangu kibandani, likaondoka.

"Yohani," alisema Chande taratibu, "huyu amefariki sasa hivi."

Yohani akazunguka nyuma. Alimtazama Gloriose kwa muda mrefu, akiwa amevua kofia.

"Anatoka jasho," akasema.

"Alipokuwa hai kulikuwa na joto."

Inzi mmoja alitua kwenye kope la Gloriose, akatembea, akaruka. Kope halikucheza. Yohani akavaa kofia yake.

"Mungu amlaze mahali pema," akasema, akalikalia jiwe, na gogo likapanda.

Chande aliteremka mlima bila kugusa breki. Walipoiacha kona ya kwanza akamwambia, "Haya, mama, tumepita." Gloriose hakujibu. Akamwita jina lake. Akaipita michikichi yote ya bondeni akimwita, kwanza kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia barabarani. Mgongoni kulikuwa kama amebeba kanga iliyoanikwa. Alijuta kusema neno lile kwa mgambo. Neno likitoka mdomoni haliitwi likarudi, na huenda alikuwa amelisema sawasawa mno. Walipofika pale kwenye kona ya ziwa, pikipiki, ambayo siku hiyo ilikuwa pikipiki tu, ilikohoa. Labda ilikuwa vumbi. Ilimrusha kidogo kwenye kiti, na kitenge kikakaza.

Nyuma ya sikio lake Gloriose alivuta pumzi kama mtu anayetoka chini ya maji.

"Bado tu?" aliuliza.

"Bado kidogo," alisema Chande. Hakuweza kuona barabara vizuri, akaendesha kwa mazoea.

Marcelina alimshika Gloriose kifundo cha mkono, akatulia, na safari hii hakuachia. Aliita watu. Milango ikafungwa. Kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata mtoto wa kike alikuwa ametolewa, mdogo, mwenye hasira, na mama yake alikuwa analala akikoroma. Ashura alileta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alimtazama mtoto, akasema ana mapaja ya mtu atakayetembea sana, akaenda nje kulia kidogo penye karo.

Mambo ya huko juu yalikwenda kama yanavyokwenda. Yohani, ambaye hakuwa mwongo, alitoa taarifa kwamba mkimbizi Gloriose amefariki penye kizuizi. Jina lake likafutwa kwenye mgao. Bigirimana aliitwa akapewa pole na sabuni. Usiku wa matanga aliketi na wenzake akaimba nyimbo za msiba zote, kwa sauti nzuri, na asubuhi yake Chande alipompelekea habari za mtoto alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akashukuru, "Urakoze cane, mzee." Halafu akauliza kama mtoto anafanana na mama yake marehemu au na mama yake. Walikubaliana kwamba ni mtu mmoja.

Gloriose hakuweza kurudi kambini, kwa kuwa kambi haipokei waliokufa. Alibaki Buzebazeba, katika chumba cha uani, akitwanga muhogo na Ashura na kuanika dagaa pale Kibirizi. Kitu kimoja hakikumrudia tangu siku ile, nao ulikuwa uzito. Alitembea kwenye mchanga wa mwaloni na mtoto mgongoni, na mchangani hapakubaki alama. Siku za upepo Ashura alimtuma sokoni na mawe mawili kwenye kikapu. Wanawake wa mwaloni walimwita Marehemu, kwa upendo, kama wanavyomwita mtu Mama Fulani. "Marehemu, umeamkaje?" "Salama, dada." Maziwa aliyatoa ya kutosha. Mtoto alipoanza kutambaa, yeye aliacha alama mchangani, nzito na za wazi, na Gloriose aliweza kukaa muda mrefu akizitazama.

Huko Rusenga habari ilikwishaenea, nayo ilipokewa kama habari ya kisima kipya. Watu walianza kujifunza. Kina mama waliwafundisha watoto wenye homa kulegeza shingo. Vijana walishindana, mchana, nyuma ya kanisa, nani anaweza kufa kwa muda mrefu. Mzee mmoja aliyekuwa na henia alijizoeza vizuri mno, wakamzika, ikabidi waje wamfukue. Leonardi aliendelea kumenya machungwa yake. Bwana Selestini alipandishwa cheo, akaletewa gari jipya la wagonjwa, ambalo lilipofika lilipelekwa moja kwa moja kwenye mawe. Kibali nacho kikabaki kama kilivyokuwa, kwa maana hakuna mtu aliyekuwa akikiomba tena. Walio hai walikuwa hawatoki, na waliotoka walikuwa wamekufa.

Chande alirudi kununua petroli ya Leonardi, kwa kuwa mabehewa hayakuja tena, na kwa kuwa siku hizi huwezi kujua nani amekufa kweli.

Alasiri moja ya masika pikipiki ilimpeleka hadi safu za mwisho za kambi, kwa kikongwe mmoja aitwaye Rozalia. Alikuwa amekaa peke yake juu ya dumu la maji, amevaa rozari, amefunga furushi. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Chande alimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia marahaba. Akampandisha kwenye keria. Hakuwa mzito, lakini wazee wengi si wazito. Mikono yake ilikuwa baridi, lakini mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye gogo Yohani hakutazama hata kidogo. Siku hizi alikuwa akiinua tu, kofia kifuani, na kukaa.

Waliteremka kwa upole. Matope yalirukia viatu. Chande alitega sikio kwa nyuma kutafuta pumzi, lakini injini ile ndogo ilikuwa imeshika mlio wake mzuri, ule wa petroli iliyochanganywa sawasawa, nao ulijaza njia yote.

"Samahani, mama," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Naomba kukuuliza. Wewe uko hai, au ndiyo tayari?"

Kikongwe akajipapasa kifua na mashavu, kama anayejipekua.

"Wewe endesha, mwanangu," akasema. "Tukifika watatuambia."

Chande akaongeza mafuta.